Mama Kurudi Darasani Katika Nchi ya Dhahabu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tuliisoma methali hiyo tungali shule ya msingi, tukaiandika kwenye madaftari yetu, kisha tukaisahau. Lakini hakuna mahali inapotimia kila siku kama katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Kakola, kupita Masumbwe na Ushirombo, hadi Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa na Geita mjini. Huko fedha huingia kwa kishindo na kutoka kimya kimya. Rashi ikizuka porini, baada ya wiki chache utakuta vibanda, karasha za kusagia mawe, maduka ya simu na akina mama wakipika wali na maharage kwa mamia ya watu. Rashi ikihama, mama naye hufunga masufuria yake na kufuata. Ukimwuliza amepata nini kwa miaka mitano aliyokaa hapo, mara nyingi atakujibu, "Tulikuwa tunakula tu."

Siku hizi liko swali linaloulizwa na akina mama waliosoma: walimu, wauguzi, wahasibu na maafisa maendeleo ya jamii wanaoishi Shinyanga na Geita. Wana shahada, wana kazi au biashara ndogo, wana waume na watoto. Wanasikia kwamba vyuo vinatoa stashahada ya uzamili inayounganisha teknolojia ya habari katika biashara na ujasiriamali. Je, mama wa watoto watatu arudi darasani kwa ajili hiyo? Au ada hiyo ingefaa zaidi kununulia mabati ya nyumba? Swali hili linagusa mfuko wa familia na amani ya nyumba, kwa hiyo yafaa tulitazame kwa utulivu.

Masomo hayo ni ya namna gani?

Stashahada ya uzamili ni masomo yanayofuata baada ya shahada ya kwanza. Kwa kawaida huchukua kama mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote, na zaidi ya hapo kwa anayesoma jioni au kwa njia ya masafa. Wengine huipenda kwa sababu inawawezesha kuhamia fani mpya: aliyesomea ualimu wa Kiswahili aweza kujifunza biashara bila kuanza upya miaka mitatu. Wengine huitumia kama daraja la kufikia shahada ya uzamili, hasa ikiwa alama zao za shahada ya kwanza hazikuwa za juu.

Katika masomo ya teknolojia ya habari ya biashara, mwanafunzi hujifunza jinsi habari zinavyokusanywa, zinavyotunzwa na zinavyotumika katika kufanya uamuzi wa biashara. Hujifunza kutengeneza majedwali ya hesabu kwenye kompyuta, kupanga kumbukumbu za wateja na bidhaa, kulinda siri za watu na kusimamia mradi. Upande wa ujasiriamali hujifunza kupima soko, kupanga bei, kuandika mchanganuo wa biashara, kutunza mtaji na kusajili kampuni. Mwisho huandika kazi ya mradi. Hapo ndipo mama wa Katoro ana nafasi nzuri kuliko wengi, kwa kuwa tatizo la kuchunguza analo mlangoni kwake.

Kwa wakazi wa ukanda huu, elimu ya juu haiko mbali kama zamani. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho chimbuko lake ni Chuo cha Ushirika kilichoanza mwaka 1963 na ambacho kimekuwa chuo kikuu kamili tangu 2014, kina taasisi yake Kizumbi, Shinyanga. Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1965, kina tawi Mwanza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, Shinyanga ikiwamo, na kiliundwa hasa kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia. Kozi zinazotolewa hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mama aende chuoni mwenyewe au apige simu, aulize kozi ipo mwaka huu, inafundishwa tawi gani na kwa saa zipi. Kisha ahakikishe kwamba kozi hiyo inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu au na baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Asilipe hata shilingi kabla ya hapo.

Mizani na daftari

Wengine watasema kwamba mambo ya habari na kompyuta ni ya watu wa Dar es Salaam. Sivyo. Wazee wa Usukuma walijua umuhimu wa habari katika biashara kabla kompyuta haijafika nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walilalamika kwamba walipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Mkulima alibeba mzigo wake kutoka mbali, lakini aliyeisoma mizani na kuandika kitabuni alikuwa mnunuzi. Wakulima walijipanga, wakataka watu wao wenyewe wasimame penye mizani. Chini ya uongozi wa Paul Bomani juhudi hizo zilizaa vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika shirikisho kubwa la Victoria. Pamba ilikuwa ile ile na shamba lile lile. Kilichobadilika ni nani anaisoma mizani na nani anashika kalamu.

Dhahabu nayo imepita njia hiyo. Kwa miaka mingi mchimbaji mdogo aliuza pointi zake, yaani sehemu za kumi za gramu, kwa mnunuzi aliyekuja na mizani yake mfukoni na bei yake kichwani. Machi 2019 lilifunguliwa soko la madini Geita, na mengine yakafuata mikoani. Mwaka huo huo serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ili wauze hadharani. Sokoni dhahabu hupimwa uzito na usafi, bei hujulikana, na muamala huandikwa. Palipo na maandishi, mnyonge ana pa kushika.

Sasa tujiulize: katika maandishi hayo yote, mama yuko wapi? Katika baadhi ya machimbo bado wapo wanaoamini kwamba mwanamke akikaribia duara dhahabu hukimbia. Basi mama hubaki juu akiponda mawe, akiuza maji, akipika. Jina lake haliko kwenye leseni wala kwenye kitabu cha mauzo. Hata biashara iliyo yake mwenyewe mara nyingi haina kitabu.

Hesabu ya sufuria

Tuchukue mfano wa mama auzaye chakula karibu na karasha. Tuseme kwa siku anauza sahani 60 kwa shilingi 2,500 kila moja. Hayo ni mauzo ya shilingi 150,000. Mchele, maharage, nyama, mafuta, mkaa, maji na ujira wa msaidizi vinamgharimu 118,000. Faida yake ni 32,000.

Lakini jioni hazioni 32,000. Sahani 8 amewakopesha vijana wanaosema, "Mama, duara likijibu tutakulipa." Hizo ni 20,000. Mkononi ana 12,000 tu. Njiani kurudi nyumbani ananunua sukari, sabuni na daftari la mtoto kwa 10,000. Anafika na 2,000, na anaamini kwamba chakula hakilipi. Kesho yake anapandisha bei, wateja wanapungua. Au anakwenda kukopa kwa wale wa kausha damu, ambao riba yao humeza mtaji na godoro.

Angeandika, angeona ugonjwa ulipo. Kwa siku 26 za kazi, mikopo hiyo inafika shilingi 520,000 kwa mwezi. Nusu yake isipolipwa, 260,000 zimepotea, wakati faida yote ya mwezi kwenye karatasi ni 832,000. Kwa hiyo hakuhitaji mkopo. Alihitaji kupunguza kukopesha, na kutenganisha mkoba wa biashara na mkoba wa jikoni.

Msomaji ataona kwamba hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Yatosha kalamu na daftari la shilingi mia chache. Ni kweli, na tunasema wazi: mama ambaye shida yake ni hii asiuze kiwanja ili akasome stashahada ya uzamili. Aanze na daftari usiku wa leo.

Basi chuo ni cha nini?

Daftari moja linatosha mama mmoja. Lakini fikiria kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 30, au chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 2,000. Fikiria duka la jumla la vyakula lenye wauzaji wanne, au kampuni ndogo ya akina mama inayotaka kuupelekea mgodi mkubwa mboga, sare za kazi au huduma ya usafi. Hapo daftari la mkono huzidiwa. Hapo ndipo anahitajika mtu anayejua biashara na kompyuta kwa pamoja.

Na mambo yanaelekea huko, tupende tusipende. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na leo muuza nyanya anapokea malipo kwa simu. Majina ya biashara na makampuni husajiliwa BRELA kwa mtandao. Tangu mwaka 2023 zabuni za serikali, hata za kuuza vyakula au vifaa vya ofisi kwa taasisi za umma, zinapitia mfumo wa mtandao uitwao NeST. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya ununuzi wa kila mwaka itengwe kwa makundi maalumu, wanawake wakiwa miongoni mwao. Nazo kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika madini zinaitaka migodi iwape kipaumbele wauzaji wa bidhaa na huduma wa Kitanzania. Milango hiyo ipo, lakini haifunguki kwa anayegonga bila usajili, bila hesabu za kodi na bila bei iliyopigiwa hesabu.

Kikundi chenye mama mmoja mwenye ujuzi huo kinaweza kuingia. Kisichokuwa naye humlipa kijana wa stesheni awajazie fomu, naye hubaki na nywila yao. Wengi wanajua mwisho wake.

Yuko pia mama mtumishi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Afisa maendeleo ya jamii anayeweza kupima mchanganuo wa biashara na kufuatilia marejesho kwenye kompyuta atawasaidia wanawake wengi kuliko yule anayehesabu fomu tu. Kwake stashahada hii ni chombo cha kazi.

Mgodi una mwisho

Jambo jingine ni la kesho ya watoto wetu. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009. Mwaka 2021 ulifunga kazi. Ni miaka 12 tu: mtoto aliyezaliwa mgodi ulipoanza alikuwa hajamaliza shule ya msingi vizuri ulipofungwa. Serikali iliamua eneo hilo liwe la viwanda na uwekezaji, lakini nyumba iliyotegemea mshahara wa mgodi, na kibanda kilichotegemea wafanyakazi wake, haviwezi kungoja kiwanda kijengwe. Mgodi wa Geita umezalisha tangu mwaka 2000, na Bulyanhulu tangu 2001. Nao siku moja mawe yatakwisha.

Biashara iliyosimama kwa sababu mama anajua wateja wake, anajua gharama zake na anaweza kuhamia bidhaa nyingine, hiyo haifi mgodi unapofungwa. Mpunga wa Kahama, ng'ombe wa Shinyanga, alizeti na pamba vitakuwapo dhahabu ikiisha. Ndiyo sababu tunasema ujuzi huu usisomwe kwa ajili ya dhahabu peke yake.

Kabla ya kulipa ada

Mama akishaona kwamba masomo yanamfaa, bado hajamaliza. Kwanza ahesabu gharama yote. Ada ni sehemu tu. Kuna nauli ya kwenda kituo cha mitihani, malazi, karatasi, vifurushi vya intaneti, na kompyuta. Ya mitumba iliyo nzima yatosha. Aandike pia kipato atakachopoteza siku anazofunga biashara. Kisha ajiulize fedha itatoka wapi. Akiba ni bora. Mwajiri akikubali kuchangia, ni heri. Mkopo wa chama cha akiba wenye marejesho yanayojulikana unavumilika. Lakini asisome kwa mkopo wa kausha damu, wala nyumba isiwekwe rehani kwa siri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Sheria hiyo inawalinda mume na mke wote wawili.

Pili apime muda. Saa mbili kila usiku kwa siku tano, na saa nne Jumamosi, ni saa 14 kwa wiki. Kwa mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuchota maji na kuandaa watoto, saa hizo haziko mpaka mtu mwingine ashike kazi fulani. Hapo ndipo penye jambo zito.

Maneno ya mezani

Nyumba nyingi haziharibiwi na masomo yenyewe. Huharibiwa na mambo ambayo hayakusemwa mapema. Mume anaona mke anaandika ujumbe wa simu saa nne usiku, naye hajaambiwa kwamba wanafunzi wa masafa hujadiliana kwenye makundi ya simu. Anaanza kushuku. Mke naye anaona mume hashiki hata ufagio wiki ya mitihani, moyo unajaa uchungu. Kumbe wangeketi kabla.

Tunashauri yazungumzwe haya, na yakikubaliwa yaandikwe:

Nani atapika na kuwaogesha watoto siku za kusoma? Watoto wakubwa, wa kiume na wa kike, wote washike zamu. Si haki binti aache kazi yake ya shule ili mama asome, huku kaka yake akicheza mpira.

Akitafutwa msaidizi wa nyumbani, asiwe mtoto anayepaswa kuwa darasani. Elimu ya mama isinunuliwe kwa elimu ya mtoto wa mwenzake.

Mume ajue ratiba, ajue chuo, na ikiwezekana ajue wanaosoma na mke wake. Mlango ulio wazi hauna wa kuchungulia.

Fedha itakayoongezeka baada ya masomo itatumikaje? Wapo waume wanaoogopa kwamba mke akipanda atadharau. Wapo wake wanaoogopa kwamba wakizalisha zaidi mume ataacha kutunza. Hofu zote mbili zisemwe mezani, zisingoje siku ya ugomvi.

Na kama mimba itakuja au mtoto ataugua? Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa barua. Auulize mapema, ili siku ikifika asipotee tu kimya na kupoteza ada.

Nanyi akina baba mnaosoma kurasa hizi kwa kuazima, tuna neno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mke kuwa mtu awezaye kumiliki mali kama mumewe, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ikiwa kufua na kupika ni mchango, seuze elimu inayoletwa nyumbani na kutumika kwa wote!

Asiye na shahada je?

Wengi wa wasomaji wetu hawana shahada, na wasijione wameachwa. Vyuo vya VETA hutoa kozi fupi za kompyuta. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, hufundisha usindikaji wa vyakula na uendeshaji wa biashara. Ajuaye kusoma, kuandika na kujumlisha ana msingi wa kutosha kuanza. Na kama katika kikundi chenu yuko mwenzenu mmoja mwenye shahada, kaeni naye. Pengine mnaweza kuchangia ada yake kwa mapatano ya maandishi kwamba atakapohitimu atapanga vitabu vya kikundi na kuwafundisha wawili wengine. Ila naye akumbuke kwamba majina, namba za simu na akiba za wanachama ni amana. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu, na kuzitoa ovyo ni kosa.

Tukiulizwa basi, mama arudi darasani au asirudi, jibu letu ni hili. Arudi ikiwa anajua kazi atakayoifanya kwa elimu hiyo, ikiwa fedha yake haitoki kwenye deni la kuua, na ikiwa nyumba yake imekubali. Asirudi kwa sababu jirani amerudi, wala kwa ajili ya picha ya joho ukutani. Na wakati akisubiri majibu ya chuo, afanye jambo moja ambalo halina ada: achore mistari minne kwenye daftari, aandike kilichoingia, kilichotoka, kilichokopeshwa na kilichobaki. Afanye hivyo siku 30 bila kuruka hata moja. Akifika mwisho wa mwezi atakuwa ameijua biashara yake, na akienda chuoni atakwenda na swali lake mwenyewe.